Misri ya kale nyumbani kwako: anza na mto, piramidi zitakuja zenyewe

Wazazi wenzangu mnaosomeshea watoto nyumbani, na hata nyie ambao watoto wanaenda shule ila hamtaki likizo yote iishie kwenye katuni, leo tuongee Misri ya kale na namna ya kuifundisha kwa mikono. Wengi tukianza Misri tunakimbilia zile maiti zilizofungwa vitambaa na dhahabu ya mfalme Tutankhamun, mtoto anasisimka siku mbili alafu basi, ukimuuliza hao watu walipata wapi nguvu ya kujenga vile hana jibu. Mi nasema anza na mto. Mto ukieleweka, vingine vyote vinajipanga vyenyewe, maana mafuriko ndo yanaleta tope, tope linatoa ngano, ngano ikizidi lazima ihesabiwe, na kinachohesabiwa lazima kiandikwe, na mwenye maghala yaliyojaa ndo huyo anaweza kulisha maelfu ya watu wakakata mawe miaka 20 na zaidi. Nitafuata mpangilio huo huo hapa.

Tenga kama wiki 6, siku 2 kwa wiki, saa moja na nusu kila siku inatosha. Vitu vingi unavyo: karai au beseni pana, mchanga, udongo mweusi, maboksi, kamba ya katani, mkaa, vigae vya chungu kilichovunjika, chumvi ya mawe, magadi. Usikimbilie kununua vifaa vya duka la vitabu, Wamisri wenyewe walitumia matope, nyasi na mawe.

Siku ya kwanza kabisa: samaki aingie kwenye chumvi

Najua nimesema tunaanza na mto, ila samaki anachukua muda mrefu kuliko kazi zote kwahiyo muweke mapema alafu msahau, somo lake litakuja mwishoni akiwa tayari.

Nunua sato mdogo, urefu wa kiganja cha mtu mzima hivi. We mzazi ndo unampasua tumbo na kutoa matumbo yote, unamsafisha vizuri, unamfuta ndani na nje kwa spiriti ya dukani, unamkausha kwa kitambaa. Sasa mpe mtoto ampime: uzito kwa mizani ya jikoni, urefu kwa rula, aandike kwenye daftari na tarehe. Changanya chumvi na magadi nusu kwa nusu. Magadi ninayosema ni yale tunayowekea maharage na makande, yatwange yawe unga, ukikosa tumia beking soda (sio beking pauda, hiyo ni kitu kingine). Jaza mchanganyiko tumboni kwa samaki, alafu mfukie kwenye boksi la plastiki, asionekane hata mkia, afunikwe vidole viwili juu yake. Weka mahali pakavu penye hewa na paka asipofika. Baada ya wiki moja utakuta ule unga umelowa na unanuka kidogo, ni maji yaliyotoka kwa samaki, mwaga wote uweke mpya. Rudia tena wiki zinazofuata mpaka ukiona unga haulowi tena. Watoto wanawe mikono kwa sabuni kila wakigusa, na samaki huyu haliwi, hilo liseme mapema kabisa hasa kama una wadogo.

Kama hutaki samaki, vipande vya tufaha au tango vinafanya kazi na vinakuwa tayari ndani ya wiki moja hivi. Ila sisi watu wa ziwa tunajua sangara wa chumvi, mtoto wangu alivyoona tunafukia samaki alishajua kinachoendelea kabla sijafungua mdomo, kwahiyo kama unaishi sehemu wanayokausha samaki usikwepe, hapo elimu mtoto anayo tayari.

Kamba ya miaka

Hii fanya kabla ya hadithi yoyote kwasababu mtoto kwake "zamani" ni moja, bibi alivyokuwa mdogo na Farao anajenga piramidi vyote ni zamani. Chukua kamba ya mita 5 na robo, kila sentimita 1 ni miaka 10, ifunge ukutani au kwenye uzio. Mwisho mmoja ni leo. Uhuru wa Tanganyika 1961 unakaa sentimita 6 na nusu tu kutoka leo, yani kama urefu wa kidole. Alafu mnaenda mnapima: malkia Cleopatra amekufa mwaka 30 KK, hapo ni kama sentimita 205. Tutankhamun amekufa karibu 1323 KK, sentimita 335. Piramidi kubwa ya Khufu karibu 2560 KK, sentimita 458 hivi. Na Narmer, mfalme anayehesabiwa kuunganisha Misri mbili (ya Juu na ya Chini) kuwa moja karibu 3100 KK, huko karibu na mwisho wa kamba, sentimita 512 hivi. Funga kitambaa cha rangi kila sehemu. Mwache mtoto agundue mwenyewe kwamba Cleopatra yuko karibu zaidi na sisi kuliko na Khufu, usimwambie, muulize tu "Cleopatra yuko karibu na nani?" apime kwa mkono wake.

Kamba ibaki hapo wiki zote 6, kila mkijifunza mtu mpya anafungwa pale.

Mto kwenye karai

Hapa ndo moyo wa somo lote na usipaharakishe.

Jaza karai mchanga mkavu, liinue upande mmoja kwa tofali nusu ili liwe na mteremko. Chimba mfereji wa kupinda pinda kutoka juu mpaka chini, huo ndo Nile. Huko chini utawanye mfereji uwe vijito vingi kama vidole, hiyo ndo delta inayoingia bahari ya Mediterania. Sasa mwambie mtoto amwage mbegu za mchicha au ngano kila mahali, mtoni pembeni na huko mbali kwenye mchanga pia, usimwambie kwa nini. Kwenye jagi koroga maji na udongo mweusi mpaka yawe kama uji mwepesi. Mtoto amimine taratiiibu kutoka juu, mpaka mfereji ujae na ufurike kingo. Maji yakipungua, utaona ukanda mweusi umebaki pande zote mbili za mto na mchanga mweupe umebaki vilevile.

Kazi hiyo mnairudia kila siku kwa maji kidogo kidogo, mnamwagia mfereji tu, mchangani kule hamgusi. Mchicha unaota ndani ya siku chache, na unaota wapi? Kwenye tope. Kule mchangani mbegu zimekaa tu zinaangalia jua. Hiyo picha mtoto haisahau, na ukifungua ramani ya Misri ya leo ukamwonyesha ile mstari wa kijani katikati ya jangwa ataujua mwenyewe, huo ni ukanda wa karai lake.

Maelezo ya kumpa wakati mnasubiri: Nile ina urefu wa kama kilomita 6,650. Nile Nyeupe inatoka kwetu, Ziwa Victoria, inapita Jinja Uganda, inaenda Sudan. Nile ya Bluu inatoka Ziwa Tana Ethiopia, zinakutana Khartoum. Watoto wa kanda ya ziwa watakwambia kwa fahari kwamba sisi ndo tuliwapa Wamisri mafuriko, na ni vizuri kufurahi ila waambie ukweli wote: maji ya kwetu yanatiririka mwaka mzima karibu sawa sawa, yale mafuriko na lile tope vilitoka milima ya Ethiopia, mvua kubwa zikinyesha kule kuanzia Juni, Nile ya Bluu inashuka na udongo wote. Ndo maana Misri mto ulifurika wakati wa kiangazi na jua kali bila tone la mvua pale kwao. Siku hizi haufuriki tena, bwawa kubwa la Aswan lilimalizika 1970. Na mwonyeshe kwenye ramani kwamba mto unaenda kaskazini, kwahiyo Misri ya Juu iko kusini na Misri ya Chini iko kaskazini, juu ni kule maji yanakotoka. Mkubwa ataelewa, mdogo mwache.

Kalenda yao ilifuata mto: miezi 4 ya mafuriko, miezi 4 ya kupanda na kukua, miezi 4 ya kuvuna na ukame, kila mwezi siku 30, alafu siku 5 za sikukuu, jumla 365. Chora duara kubwa kwenye boksi, gawa vipande vitatu, mtoto achore kazi ya mkulima kila msimu.

Kitu kingine cha dakika 10: chomeka kijiti chenye alama kwenye mfereji, mtoto asome maji yamefika alama ya ngapi. Wamisri walikuwa na vipimo kama hivyo vya ngazi za mawe, kimoja kiko kisiwa cha Elephantine kule Aswan. Maji yakiwa kidogo njaa, yakizidi yanabeba nyumba na mifugo, yakiwa ya kati mavuno mazuri, na serikali ilikadiria kodi kutokana na hicho kipimo. Hapo unamuuliza mtoto: we ndo Farao, mwaka huu maji yamefika hapa chini, utafanya nini? Nyamaza usikie. Majibu ya watoto hapo ni matamu sana, na kama mnajua hadithi ya Yusufu na ile miaka 7 ya njaa, Wakristo na Waislamu wote tunayo, atairukia mwenyewe.

Mkono wako ni rula

Kwetu dhiraa tunaijua, kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole cha kati, na wazee wanapimia nguo na kamba mpaka leo. Wamisri walipima hivyo hivyo. Kila mtu nyumbani apime meza moja kwa dhiraa yake, baba, mama, mtoto wa miaka 6. Majibu yanatofautiana, kila mtu anasema wa kwake ndo sahihi, waache wabishane. Ndo unawaeleza dhiraa ya kifalme: urefu mmoja kwa nchi nzima, karibu sentimita 52 na nusu, umegawanywa viganja 7, kila kiganja vidole 4, jumla vidole 28. Kateni fito ya urefu huo, mchore mistari, hiyo ndo itatumika mpaka mwisho. Jengo kubwa la mawe haliwezi kusimama kama kila fundi ana mkono wake.

Hesabu za mgawo wa chakula

Tarakimu zao rahisi kuliko unavyofikiri: 1 ni kimstari, 10 ni kama upinde uliopinduliwa, 100 ni kamba iliyoviringishwa, 1,000 ni ua la yungiyungi, 10,000 ni kidole, 100,000 ni kiluwiluwi, 1,000,000 ni mtu kainua mikono juu. Unarudia alama mara nyingi unavyotaka, hakuna sifuri ya kushika nafasi. Mwambie mtoto aandike mwaka aliozaliwa, umri wa bibi, bei ya kilo ya sukari. Kiluwiluwi ndo kinapendwa kuliko vyote.

Kuzidisha kwao ni kwa kudabo tu. Mfano una wafanyakazi 13, kila mmoja mikate 24. Unaandika 1 mkabala na 24, 2 na 48, 4 na 96, 8 na 192. Alafu unatafuta upande wa kushoto namba zinazojumlika kuwa 13, ambazo ni 1 na 4 na 8, unajumlisha wenzao wa kulia 24 na 96 na 192, jibu 312. Mtoto asiyejua jedwali la kuzidisha anaipata hiyo hesabu bila kulia, na yule anayeijua jedwali anabaki anashangaa inakuwaje, mwache ajaribu namba zake mwenyewe aone kama itakataa. Haikatai.

Sasa ile ninayoipenda kuliko zote: chapati. Kuna karatasi ya hesabu ya Misri aliyoinakili mwandishi mmoja anaitwa Ahmes karibu 1550 KK, ipo London kwenye Makumbusho ya Uingereza, inajulikana kwa jina la Rhind, na maswali yake ya mwanzo ni kugawa mikate kwa watu 10. Moja ni mikate 6 kwa watu 10. Pika chapati 6, weka mezani, kaa na watoto, wanasesere wajaze nafasi mpaka wafike 10, waambie kila mtu apate sawa kabisa na wasikate kate hovyo. Sisi tungesema sehemu 6 kati ya 10, lakini ukikata hivyo mtu anapata vipande vidogo vidogo. Jibu la Wamisri: chapati 5 zikatwe katikati, kila mtu nusu, ile ya 6 ikatwe vipande 10, kila mtu kimoja. Nusu na sehemu ya kumi. Kila mtu ana kipande kikubwa na kidogo, wote wanaona kwa macho kwamba haki imetendeka. Mkubwa mpe mikate 7 kwa watu 10, jibu lao ni theluthi mbili na sehemu ya 30, akae nalo hata siku nzima athibitishe. Mtoto aliyekuwa anachukia sehemu kwenye hesabu, hapa kwenye chapati ndo anafunguka, hilo nimeliona.

Wino, kigae na mswaki

Karatasi ya mafunjo ilikuwa kitu cha gharama kwahiyo wanafunzi na mafundi, hasa kile kijiji cha mafundi wa makaburi ya wafalme Deir el-Medina, waliandika kwenye vigae vya vyungu na vipande vya mawe. Wanaakiolojia wamekuta maelfu: orodha za dobi, barua, madeni, mazoezi ya shule. Kwahiyo chungu kikivunjika usitupe, piga kingo kwa jiwe zisikate mtu.

Wino: saga mkaa mpaka uwe vumbi kabisa (au kwangua masizi ya sufuria ya kuni), changanya na gundi ya mgunga iliyolowekwa, tone tone la maji, koroga mpaka uzito wa rangi ya kucha. Wino mwekundu ni udongo mwekundu uliochekechwa na gundi ile ile. Wamisri walitumia vitu hivyo hivyo, masizi na gundi na udongo mwekundu, na wino wao bado unasomeka mpaka leo. Kalamu yao ilikuwa unyasi uliotafunwa ncha, we tumia mswaki wa mti, tafuna ncha mpaka iwe brashi.

Hiroglifi, yale maandishi yao ya picha, zinaandika sauti za konsonanti, irabu kwa kawaida hazikuandikwa, ila kwa majina ya watoto tunatumia zile alama ambazo hata wao walitumia kuandikia majina ya kigeni. Chache za kuanzia: bundi ni m, mawimbi ya maji ni n, mdomo ni r, mguu ni b, mkono ni d, mkate ni t, kitambaa kilichokunjwa ni s, kikapu ni k, nyoka mwenye pembe ni f, kobra anasimama kama j, bwawa la maji ni sh, kifaranga cha kware ni u, unyasi ni i, tai ni a, simba aliyelala ni l. Amina anakuwa tai, bundi, unyasi, maji, tai. Juma anakuwa kobra, kifaranga, bundi, tai. Zungushia jina ule mduara mrefu waliokuwa wanazungushia jina la mfalme. Na wafundishe kusoma: angalia wanyama wametazama wapi, unaanza kusoma upande wa nyuso zao.

Huo mduara ndo uliomsaidia Champollion, msomi wa Ufaransa, kuvunja fumbo la kusoma hiroglifi 1822. Jiwe la Rosetta liliokotwa 1799 na askari wa Ufaransa, lina tangazo moja kwa maandishi ya aina tatu, na Kigiriki kilikuwa kinasomeka. Mchezo wake: andika sentensi moja kwa Kiswahili na chini yake kwa alama ulizotunga mwenyewe, alafu ujumbe wa pili kwa alama peke yake ukisema zawadi imefichwa wapi. Waache wahangaike.

Karatasi ya mafunjo

Kwa sisi tuliopo karibu na ziwa hili ni jambo la kushukuru Mungu, mafunjo yale yale yaliyoandikiwa Misri yameota hapa kando ya Ziwa Victoria, Mwanza, Kisumu, Uganda kote. Kule Misri yenyewe ya porini yalipotea karibu yote. Ila watoto wasiende kukata, mwambaoni kuna mamba, viboko na kichocho. Nunua mabua kwa wanaosuka mikeka na vikapu.

Kata bua sehemu ya chini nene, kipande cha rula moja, sentimita 30. Menya lile ganda la kijani. Ndani kuna nyama nyeupe, hiyo ichane kwa kisu kikali vipande virefu vyembamba (mzazi ndo anashika kisu). Mtoto avipige taratibu kwa mpini wa mchi kutoa maji, alafu loweka kwenye beseni siku 3 au 4, badili maji kila siku, mpaka viwe laini na viangaze kidogo. Tandika kitambaa juu ya ubao, panga vipande wima vikipandana kidogo kingo, alafu safu ya pili juu yake vikilala kinyume. Hakuna gundi, ule utomvu wake ndo unashika. Funika kitambaa kingine, ubao mwingine, jiwe la kusagia juu. Kila siku badili vitambaa vilivyolowa. Baada ya kama wiki inakauka, toa, isugue kwa kijiko au ganda la konokono mpaka ilainike, andikeni kwa ule wino wenu. Hapo mtoto anashika mkononi karatasi na wino na kalamu alivyotengeneza mwenyewe kwa vitu vya kijijini. Walio mbali na ziwa jaribuni maganda makavu ya mgomba, sio yale yale ila kusuka wima na kulala kunaeleweka.

Sasa piramidi

Mpaka hapa mtoto ana ngano, hesabu, kipimo na maandishi. Sasa anaweza kujenga.

Anza na jaribio la mchanga. Chukua kifuniko cha boksi, weka jiwe la kilo 2 ndani, funga kamba, kamba shikiza kwenye mizani ya ndoano ile ya wauza samaki. Vuta juu ya mchanga mkavu, soma mizani. Utaona mchanga unajikusanya mbele unaziba njia. Nyunyizia maji mchanga uwe mbichi, usiwe tope, vuta tena. Mizani inashuka vizuri. Mwagia mpaka iwe tope, vuta, inapanda tena. Kwenye kaburi la mkuu mmoja wa mkoa anaitwa Djehutihotep kuna mchoro wa watu wanaburuta sanamu kubwa kwenye sleji (mbao za kuburutia mzigo), na mtu kasimama mbele anamwaga maji. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Amsterdam walilipima hilo 2014 wakakuta mchanga wenye unyevu wa kiasi chake unapunguza nguvu ya kuvuta karibu nusu. Mtoto wako amefanya jaribio hilo hilo uani.

Modeli: piramidi ya Khufu ilikuwa dhiraa 440 kila upande chini na dhiraa 280 kwenda juu. Gawa kwa 20, unapata 22 na 14. Kata mraba wa boksi sentimita 22 kwa 22, na pembetatu 4 zenye kitako sentimita 22 na urefu wa kusimama sentimita 17.8, ziunganishe kwa gazeti na gundi ya unga, urefu wake katikati utakuwa sentimita 14 kamili. Mkubwa anayejua Pythagoras mwache atafute hiyo 17.8 mwenyewe. Paka gundi, nyunyizia mchanga. Ya kweli ilikuwa na kama mita 147 kwenda juu, sasa imebaki kama 138, na mawe yanakadiriwa milioni 2.3.

Na hili naomba mlisisitize wazazi: waliojenga hawakuwa umati wa watumwa wanaochapwa viboko kama tulivyozoea kuona. Pale Giza, penye piramidi ya Khufu, wamechimba mji wa wafanyakazi, wamekuta viwanda vya mikate, mifupa ya ng'ombe na mbuzi walioliwa, na makaburi ya wafanyakazi wenyewe yaligunduliwa 1990, wamezikwa kwa heshima karibu na mfalme wao, wengine mifupa iliyovunjika imeungwa vizuri, yani walitibiwa. Na 2013 Wadi al-Jarf pwani ya bahari ya Shamu zilipatikana karatasi za mafunjo za msimamizi mmoja anaitwa Merer, anaandika siku kwa siku jinsi kikosi chake kilivyosafirisha mawe kwa mashua kutoka machimbo ya Tura mpaka Giza wakati wa Khufu. Zoezi: mtoto aandike siku tatu za daftari la Merer kwenye karatasi yake ya mafunjo, leo tumepakia, leo tumelala wapi, leo tumepewa mikate mingapi.

Samaki anatoka

Mfukue, mfute kwa brashi, mpime tena uzito na urefu. Uzito umeshuka sana, urefu karibu ule ule. Mfunge kwa vitambaa vya shuka kuukuu vilivyochovywa gundi. Sasa ndo unaeleza: kazi nzima ya kuandaa maiti ilikuwa siku 70, kama 40 kati ya hizo ndani ya magadi yaliyochimbwa Wadi El Natrun, na Ziwa Natron letu kule Arusha ni chumvi za jamii hiyo hiyo. Ini, mapafu, tumbo na utumbo viliwekwa kwenye mitungi 4, moyo uliachwa mwilini maana waliamini utapimwa kwenye mizani mbele ya unyoya wa haki. Wazazi wenye wasiwasi na habari za miungu, sema tu "wao waliamini hivi, sisi tunaamini hivi", mtoto anaelewa, na hilo swali la moyo kupimwa linafungua maongezi mazuri sana ya dini yenu nyumbani.

Usiishie Misri

Panda na mto kurudi kusini mpaka Sudan. Wafalme wa Kushi waliitawala Misri nzima karne ya 8 na ya 7 KK, Taharqa alitawala 690 mpaka 664 KK na yumo kwenye Biblia kwa jina la Tirhaka. Sudan ina piramidi nyingi kuliko Misri, Meroe na kwingineko, zaidi ya 200, ndogo ila zimesimama wima zaidi. Tengeneza moja uiweke karibu na ile ya Khufu: mraba sentimita 10 kwa 10, pembetatu 4 zenye kitako 10 na urefu 14.9, itasimama sentimita 14, sawa kabisa na ile nyingine ila kitako chake hakifiki nusu. Upande wa mashariki bandika kijumba kidogo cha boksi chenye mlango, Meroe kila piramidi ya mfalme ilikuwa nacho, na ndani ukutani wachore mfalme amekaa.